Mbwa, Bamvua na Singo: Kulala Hoteli ya Spa Pwani ya Mashariki ya Unguja

Hoteli ikikuambia "mbwa karibu", bado hujaambiwa kitu. Uliza analala chumbani au nje, kama kuna kikomo cha uzito, kama ada ya usafi hulipwa kila usiku au mara moja, na kama chumba ni cha chini chenye baraza lililozungushiwa ua. Majibu yaje kwa maandishi, hata ya WhatsApp, kwa sababu anayekupokea mlangoni si lazima awe yule mliyezungumza naye. Kama mnatoka bara, mbebee mbwa cheti cha afya cha daktari wa mifugo na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa (ya kwanza ihesabiwe siku 21 kabla ya kusafiri), muulizie kibali idara ya mifugo ya Zanzibar, na boti nayo muipigie simu kabla ya kukata tiketi.

Hayo ni makaratasi. Kinachoharibu au kutengeneza mapumziko ni maji ya bahari na watu wa hoteli.

Tuanze na watu. Wahudumu wengi wa Paje, Bwejuu na Jambiani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate na majimaji ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu hakuna neno, ila akimrukia kwa pua mbichi karibu na adhuhuri, amemtwisha kazi ya kuosha nguo kabla hajasali. Mgeni huona mhudumu anarudi nyuma akadhani anachukia wanyama. Huenda nyumbani kwake ana paka watatu.

Kwa hiyo njoo na bakuli mbili zako, taulo tatu zako na shuka moja kuukuu la kutandika juu ya kitanda au kochi. Usimpe mbwa mabaki kwenye sahani ya hoteli hata siku moja, maana sahani hiyo itarudi jikoni na hakuna atakayejua. Panga na mapokezi saa ya kufanyiwa usafi, kisha toka na mbwa saa hiyo. Kumfunga bafuni haitoshi: atabweka, na mhudumu atafanya kazi nusu nusu huku roho ikimdunda. Na njia ya kwenda msikitini alfajiri iache. Ufuo ni mrefu.

Sasa bahari. Wageni wengi huzikimbia siku za bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, wakisikia kwamba maji ya mashariki hukupwa mpaka mwambani. Kwa mwenye mbwa, bamvua ndiyo ya kutafutwa. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji ya Unguja hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, tofauti ikifika takriban mita nne. Maana yake jua kali likiwa juu bahari iko mbali na mbwa yuko kivulini, halafu jua likianza kulainika maji yanakuja hadi kwenye ngazi za hoteli. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, ni kinyume: yanajaa asubuhi, na jioni unabaki na matope na madimbwi. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama hamsini, basi hesabu kuanzia siku utakayofika. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, hazisumbuliwi sana na hili, ila huko ufuo una watu wengi, na mbwa mwoga hafurahii.

Maji yakiwa yamekupwa, kamba ya shingoni isitoke mkononi. Ile mistari ya vigingi na kamba unayoiona uwandani ni mashamba ya mwani, na kina mama wanaoinama pale wanatafuta riziki. Mbwa akipita mbio anang'oa kigingi na kukata mwani wa wiki kadhaa, kisha miguu yake inanasa. Mwambani kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukikatikia kwenye unyayo utavimba usiku. Kuna ndoano zilizoachwa na wavuvi. Paje kuna kamba za kaiti, zile tiara kubwa zinazovuta watu juu ya maji, ambazo zikiwa zimekazwa na upepo hukata kama kisu.

Kibaya kuliko vyote ni bunju. Huyu samaki wa kuvimba hutupwa na wavuvi au kusukumwa ufuoni na mawimbi, akakauka akawa kama kiatu kilichosahauliwa. Sumu yake inapooza misuli mpaka ya kupumulia, na hakuna dawa ya kuiondoa. Mbwa akimtafuna, akianza kutetemeka midomo na kuyumba, usisubiri kuona kama itapita: daktari wa mifugo mara moja. Namba yake iwe kwenye simu tangu siku ya kwanza.

Maji ya chumvi nayo. Mbwa anayerushiwa mpira baharini humeza kidogo kidogo, na usiku anaharisha. Mwache aogelee dakika kumi, mtoe, mpe maji matamu, ndipo arudi. Kwa siku ahesabiwe kama mililita 60 kwa kila kilo ya uzito wake, na pwani huongezeka. Mchanga mweupe hauunguzi kama lami, ila saruji ya kando ya bwawa inaunguza. Weka kiganja juu yake, usipoweza kuvumilia ukihesabu hadi saba naye hawezi. Akihema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana na mate mazito, mmwagie maji ya bomba, mpepee, mpeleke kwa daktari. Mbwa wa pua bapa ndio hawana uvumilivu wowote wa joto.

Spa ndiyo iliyokuleta, na hapo pana jambo ambalo watu wa spa wenyewe hawalifikirii. Singo ya Pemba na Unguja, ile ya kusugulia bibi harusi, ina maua ya mlangilangi na karafuu. Ukimaliza kukandwa ukarudi chumbani unanukia, mbwa atakulamba mikono na miguu. Mafuta ya karafuu, ya mlangilangi na ya mkaratusi yanamdhuru: kutapika, kuyumba, ini kuumia ikiwa ni mengi. Oga kwa sabuni kwanza, au omba ukandwe kwa mafuta ya nazi matupu. Chupa za mafuta zisikae sakafuni, na udi usifukizwe chumbani alimofungiwa.

Jioni kabla ya kulala: mmwagie maji matamu mpaka tumboni, mkaushe masikio ndani kwa kitambaa kavu, kisha mpekue kupe, hasa nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Kupe aliyeng'ata, mdomo wake usibaki ndani. Mshike karibu na ngozi kwa kibano, mvute polepole bila kumpindua. Dawa ya kupe awe ameshapakwa siku mbili kabla ya safari, kwani ukimpaka leo na kesho akaogelea, nyingine zinaoshwa.

Kinyesi kikusanye kwa gazeti kuukuu au mfuko wa karatasi. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya bara kuipiga marufuku 2019, na kifurushi chako cha mifuko hiyo chaweza kuchukuliwa pale bandarini. Taulo za mbwa ondoka nazo hata zikiwa mbichi. Usimwachie mhudumu.