Senti za nyumbani kwa fundi viatu

Hapa Birmingham ukiuliza sarafu za zamani zinauzwa wapi, utaelekezwa Jewellery Quarter, mtaa wa masonara, au kwenye minada ambako watu hushika sarafu kwa ukingo kama wameshika yai. Nimekwenda huko. Nikatazama, nikasoma bei, nikaaga kwa adabu. Sarafu zangu zote za maana zimetoka kwa fundi viatu, kwenye duka la udi, kwa muuza vitambaa, na nyuma ya gari la mtu aliyekuwa anauza baiskeli za watoto.

Fundi viatu yuko soko la Bull Ring, na hapohapo kibandani anachonga funguo. Nilimpelekea kiatu cha kazini kilichobanduka soli. Gundi ikiwa inakauka nikawa nachokoa sahani yake ya vikorokoro pale mezani: bizimu za mikanda, vifungo, beji za jeshi, mikanda ya saa. Mkono ukagusa kiduara cha shaba chenye tundu. Kukigeuza, pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, imeandikwa East Africa, senti kumi, mwaka 1936. Hizi sisi hatukuwahi kuzitumia dukani, lakini sisi watoto wa Tanga tulizikuta kwa bibi zetu, zimetungwa kwenye uzi na kufungwa kwenye pembe ya kitambaa. Nikamuuliza bei. Akasema peni hamsini, maana kwa muda mrefu alidhani ni washa ya mashine fulani.

Kumbe washa hiyo ina jina la Edward VIII. Mfalme huyu alishika ufalme Januari 1936, akauacha Desemba mwaka huohuo ili amwoe mwanamke wa Kimarekani aliyewahi kuolewa na kuachika. Hata taji hakuvishwa. Waingereza wenyewe hawakuwahi kupata senti yake ya kununulia mkate; chache zilizotengenezwa kwa majaribio zikitokea mnadani leo, magazeti huandika. Ila sarafu zenye tundu hazina nafasi ya sura ya mtu, jina tu linatosha, kwa hiyo za kwetu, za Afrika Magharibi, za Fiji na za New Guinea zilipigwa kwa jina lake na kuingia sokoni. Mama muuza dagaa wa Tanga alikuwa na kitu mkobani ambacho mkusanyaji wa London hakukipata kwao. Na kwa kuwa zilipigwa nyingi mno, mpaka leo unaipata kwa pauni moja au mbili. Sijui sarafu nyingine inayompa mtu raha kubwa kwa hela ndogo kiasi hicho.

Halafu chukua kioo cha kukuzia, tafuta herufi ndogo. Huenda ukaona H, au KN. H ni Heaton. Ralph Heaton alinunua mnadani mwaka 1850 mashine za kiwanda cha zamani cha Soho cha Matthew Boulton, na familia yake ikaja kupigia sarafu nchi nyingi za dunia hii, hapahapa Icknield Street. KN ni Kings Norton, kusini mwa jiji, ambako mimi napita na basi nikienda kazini. Yaani senti za bibi yangu zilitoka hapa, zikapakiwa melini, zikanunua mihogo na mafuta ya taa miaka na miaka, kisha nyingine zikarudi kwenye mfuko wa suruali ya mtu. Kiwanda cha Heaton kilifungwa 2003. Sehemu ya mbele ya jengo bado ipo, unaweza kwenda kupiga picha. Nilipomsimulia fundi haya yote, akavaa miwani, akaichukua tena sarafu, akaigeuza, akasema: "Basi hiyo ni pauni moja." Tulicheka, nikamlipa pauni yake. Kiatu alinirudishia bila kuongeza bei.

Zinafikaje kwenye sahani ya fundi? Kazi yangu ni kulea wazee majumbani, kwa hiyo upande mmoja wa njia nauona kwa macho. Baadhi ya wazee hawa walichukuliwa jeshini vijana, miaka ya 1950, wakapelekwa Kenya wakati wa Mau Mau. Mzee mmoja alinifungulia kopo la biskuti lenye sarafu za simba, barua na picha za Nyeri. Kazi yetu haituruhusu kupokea zawadi wala kununua kitu kwa mteja, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Nilitazama, tukazungumza habari za mvua za Nyeri, nikalifunika kopo. Mzee kama huyo akifariki, watoto hukodi watu wa kusafisha nyumba. Fanicha huenda mnadani, nguo huenda chariti, yaani maduka ya hisani, na kopo huchukuliwa na yeyote atakayelitaka. Chariti nazo hupokea magunia ya sarafu za nje, nyingi mno kwa mtu wa kujitolea kukaa azichambue, kwa hiyo nyingine huziuza kwa kilo. Nyingine huweka bakuli karibu na mahali pa kulipia, chagua mwenyewe. Kwenye bakuli kama hizo kuna peseta na lira mpaka uchoke. Lakini uvumilivu hulipa, na wahudumu hufurahi mtu akiwapunguzia mzigo.

Njia ya pili inapita Leicester. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka, na kama 28,000 wakaja Uingereza, maelfu kati yao wakaishia Leicester. Ukitembea Belgrave Road leo utasalimiwa kwa Kiswahili na mzee anayeuza sari. Nilikuwa natafuta kitambaa cha harusi ya wifi yangu nikaona chupa ya achari karibu na kalkuleta, imejaa shilingi za simba.

"Baba, hizi unauza?"

"Nauza, mama. Bei ya Kampala au bei ya Leicester?"

"Ya Kampala."

"Ya Kampala hakuna. Kampala walinifukuza."

Alicheka yeye kwanza, nami nikapata ruhusa ya kucheka. Alitaka bei moja kwa kila shilingi, na hapo ndipo mnunuzi mwenye taarifa hupata nafuu: shilingi ya Afrika Mashariki kuanzia 1921 mpaka 1946 ina robo ya fedha ndani yake, na kuanzia 1948 hakuna fedha hata chembe. Simba ni yuleyule, milima nyuma yake ni ileile. Nikakaa kwenye kigoda nachagua za George wa Tano, yeye ananisimulia duka la baba yake Jinja na bei ya pamba. Mkewe akaleta chai ya tangawizi. Kitambaa cha wifi karibu nikisahau.

Mahali ambapo sikutegemea kabisa ni Small Heath, kwenye duka la mama wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Anauza udi, ubani, hina na mafuta ya kujipaka. Kwenye kabati la vioo kulikuwa na kidani chenye sarafu kubwa ya fedha, sura ya mama mnene mwenye shela: Maria Theresa, malkia wa Austria, mwaka 1780. Hii ndiyo reale ya Unguja ya zamani, iliyohesabiwa kununulia karafuu na pembe. Mwaka ulioandikwa usikudanganye. Malkia alikufa 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sura hiyo na kukataa nyingine, basi viwanda vikaendelea kuipiga kwa mwaka uleule zaidi ya karne na nusu. Vienna, Roma, Bombay, London. Na Birmingham pia, baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo ile niliyoishika huenda ilizaliwa mwendo wa basi moja kutoka hapo dukani, ikijidai ya karne ya kumi na nane.

"Hiyo ni pambo, dada, si pesa," akaniambia, na kwa hesabu za wakusanyaji alikuwa sahihi: pete ya kuning'inizia iliyochomelewa juu hushusha bei ya sarafu vibaya sana. Kwangu mimi ilishusha mpaka nikaimudu. Ina gramu 28 hivi, fedha yake ni kama asilimia 83, na shingoni inakaa vizuri. Sitaki kusikia la mtu.

Jumapili kuna masoko ya uwanjani. Watu huja na magari alfajiri, hufungua buti na kupanga chini kila walichochoka nacho. Huko ndiko nilikoona "dhahabu ya Tabora". Ile ya kweli naijua kwa kusoma: mwaka 1916 Wajerumani wamebanwa na manowari za Waingereza, noti na sarafu haziingii, wakapiga za kwao Tabora kwenye karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Rupia 15, tembo kainua mkonga mbele ya mlima, herufi T. Zilikuwa kama 16,000 tu, na kila moja ina gramu saba na kidogo. Ya yule muuza baiskeli ilikuwa nyepesi mkononi, na ukingoni rangi imechubuka. Naye hakusema ni dhahabu. Alisema hajui, ilikuwa kwenye boksi la vitabu. Kwenye boksi hilohilo kulikuwa na kitu asichokijali: sarafu ya heller 20 (heller ndizo senti za Mjerumani) ya shaba ya njano, mbaya sura, taji limepinda upande mmoja, 1916, T. Hiyo ni ya Tabora kweli. Nilimlipa bei ya chakula cha mchana.

Wenzangu kazini wao wanatafuta peni hamsini tu, ile ya bustani ya Kew ya 2009, iliyopigwa 210,000, na ya samaki ya 2023, iliyopigwa 200,000. Si vibaya, inaweza kukudondokea kwenye chenji ya chipsi. Ila mtu akikuonyesha simuni kwamba sarafu yako "inauzwa" maelfu, mwambie akuonyeshe iliyonunuliwa. Bei ya kutaja kila mtu anaweza kuandika. Na ukipata yoyote, ya kwao au ya kwetu, usiisugue kwa ndimu na majivu. Najua mkono unawasha. Sinia la mama lisugue, sarafu iache na uchafu wake. Ikishang'arishwa, mnunuzi anayejua ataiona kutoka mlangoni na kukata nusu ya bei.

Mtoto wa mjomba yuko Tanga, na hadithi za mali ya Mjerumani hazimwishi. Kila mwaka kuna mtu anamwambia kuna mti, chini yake kuna sanduku. Nilimtumia picha ya heller yangu, nikamweleza T, nikamweleza Sekenke, nikaandika ujumbe mrefu kweli. Akajibu kwa sauti:

"Dada, umeipata kwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia.

"Na ukiuza?"

Nikamwambia hiyo pia, pamoja na kwamba siuzi.

Kimya kidogo, kuku wanasikika nyuma yake. "Sasa Mjerumani gani huyo maskini? Mwulize huyo wa baiskeli kama ana boksi lingine."

Nimemwuliza. Anasema Jumapili ijayo anakuja na vitu vya shemeji yake, aliyekuwa baharia.