Krediti tisa za hiari, nikiwa Kisumu

Mwezi wa Januari nilikuwa nimebakiza krediti tisa tu kukamilisha shahada yangu ya uhasibu katika chuo kimoja cha Marekani kinachofundisha kwa mtandao, na zote tisa zilikuwa za masomo ya hiari. Shahada ya kwanza katika mfumo huo kwa kawaida huhitaji krediti 120, na somo moja la muhula hubeba krediti tatu, kwa hiyo nilichokosa kilikuwa masomo matatu yasiyohusu uhasibu hata kidogo. Kuyasoma chuoni humo kungenichukua mihula miwili, pamoja na ada ambayo mshahara wa karani wa duka la vifaa vya ujenzi hauwezi kuimudu, kwa hiyo nilitafuta kozi za bei nafuu nje ya chuo ambazo chuo kingezihesabu.

Lazima nieleze kwanza kosa nililolifanya mwaka uliotangulia, kwa sababu naona wengi wakielekea huko huko. Nililipia kozi ya wiki sita katika tovuti moja iliyotangaza cheti kinachotambulika duniani kote, nikaisoma usiku baada ya kutoka kazini, nikapata cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, nikakituma chuoni. Jibu lilikuwa la sentensi mbili: cheti kimepokelewa, lakini hakina krediti. Nililia siku hiyo, maana fedha zile nilikuwa nimeazima kwa mama, naye alizitoa katika zamu yake ya chama.

Cheti huthibitisha kwamba umemaliza kozi, ilhali krediti ni hesabu ambayo chuo chako kinakubali kuiandika katika rekodi yako, na hakuna tovuti yoyote inayoweza kukilazimisha. Kozi nyingi za bei nafuu zinazoweza kukupatia krediti hupitiwa na baraza liitwalo American Council on Education, ambalo wanafunzi hulitaja kwa herufi zake, ACE. Baraza hilo hupendekeza kwamba kozi fulani inastahili krediti kadhaa za ngazi ya chini au ya juu. Hupendekeza tu; uamuzi hubaki kwa chuo, na vyuo viwili vinaweza kuitazama kozi ile ile kwa macho tofauti kabisa.

Kwa hiyo safari hii sikulipa hata senti kabla ya kumwandikia msajili. Nilimtajia kozi tatu kwa majina yake kamili, nikamwuliza kama zingehesabiwa kuwa za hiari, kama nilikuwa tayari nimefikia kikomo cha krediti zinazoruhusiwa kutoka nje, na kama kulikuwa na sharti kwamba krediti za mwisho zisomwe chuoni kwao, sharti ambalo vyuo vingi huwa nalo na ambalo limewakwamisha watu wakiwa mlangoni kabisa. Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Niliyachapisha katika saiba iliyo karibu na kazini na kuyahifadhi.

Nilikuwa nimelinganisha njia tatu. Mitihani ya CLEP, ambayo hutolewa na shirika la Marekani liitwalo College Board ili mtu apate krediti bila kusoma kozi, ni mifupi, mingi ikiwa ya dakika 90, na ACE hupendekeza krediti kwa anayepata alama 50 katika kipimo cha 20 hadi 80. Inamfaa mtu anayelijua somo tayari, na mimi sikuwa huyo. Saylor Academy, tovuti ya kozi, hufundisha bila malipo, na hilo ni jambo la kushukuru kweli. Hata hivyo nilichagua Sophia, tovuti nyingine ya kozi, inayotoza dola 99 kwa mwezi, kama shilingi 12,800, na kukuruhusu kumaliza kozi nyingi kadiri uwezavyo ndani ya mwezi huo, mradi usifungue zaidi ya mbili kwa wakati mmoja. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-PESA, nikaanza siku hiyo hiyo jioni ili nisipoteze hata siku moja.

Kozi zenye insha nilizikwepa kwa makusudi. Insha husahihishwa na mtu na majibu huweza kuchukua siku kadhaa, na siku hizo zinahesabiwa katika mwezi uliolipia. Kozi za maswali ya kuchagua hukupa alama papo hapo, na asilimia 70 inatosha kufaulu. Nilichukua sayansi ya mazingira, lishe na maadili. Stima ilipopotea Mamboleo, nilisoma kwa simu kwa bando la usiku, huku daftari likiwa limeegemezwa kwenye birika.

Sayansi ya mazingira niliichagua kwa sababu ya wepesi wake, lakini ndiyo iliyonigusa zaidi. Nilisoma jinsi mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani inavyorutubisha maji hadi mimea ikafunika uso wake na samaki wakakosa hewa, na Jumapili iliyofuata nilisimama ufuoni Dunga nikiyatazama magugumaji yaliyozizingira mashua za wavuvi, nikajua kwa mara ya kwanza kinachoyalisha.

Nilimaliza kozi ya tatu siku ya 26, nikaomba matokeo rasmi yatumwe chuoni moja kwa moja, kwa kuwa picha ya skrini haikubaliwi. Krediti ziliingia katika rekodi yangu kama za uhamisho, bila gredi, hivyo hazikugusa wastani wangu. Mama nilimrudishia fedha zake za chama mwezi uliofuata, kwa awamu mbili.