Dakika kumi za aleji zinapimwaje?

Tangu mvua zianze kukatika kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya huku Dodoma, matone ya puani, kichupa kimoja 35,000, na maandishi mekundu kwamba yanamaliza aleji kabisa ndani ya dakika kumi. Mi ni mtu wa kupiga chafya kuanzia Machi mpaka Mei kwahiyo kila anayenijua ameshanitumia. Nikaamua kumuuliza muuzaji, kaka hizo dakika kumi mlizipimaje? Akajibu eti wateja wao wanatoa ushuhuda kila siku, af akanitumia emoji za moto.

Sasa tatizo la ushuhuda kwenye aleji ya chavua, ule unga wa maua unaopeperuka hewani, ni kwamba chavua yenyewe haitulii. Jumatatu jua kali, upepo umetoka upande wa Iyumbu, nyasi zimesimama njiani mpaka kiunoni zimetoa maua, unaweka matone yako na bado unalia machozi. Jumanne mvua inapiga saa kumi alfajiri, hewa inasafishika, unaamka pua nyeupe. Utasema dawa imeanza kufanya kazi! Kumbe mvua. Na jirani yako aliyenunua kichupa hichohicho anashinda ofisini Mtumba kwenye kiyoyozi madirisha yamefungwa, wewe unashinda shambani Nala, mtalinganishaje nyie wawili.

Wenzetu hili walishakutana nalo zamani. Miaka ya 1980 pale Vienna, Austria, na Kingston, Kanada, madaktari wakaona msimu haueleweki, basi wautengeneze wenyewe ndani ya nyumba. Wakajenga vyumba ambavyo hewa inachujwa kwanza mpaka inakuwa safi, halafu wanaingiza chavua kidogokidogo kwa mashine na feni zinaichanganya, muda wote kuna vifaa vinavyonasa na kuhesabu ili aliyekaa kona ya mlangoni avute sawasawa na aliyekaa katikati. Vienna kwenye chavua ya nyasi wanatumia kama chembe 1,500 kwa kila mita moja ya ujazo, joto nyuzi 24, unyevu asilimia 40. Kingston wao walijikita zaidi kwenye chavua ya ragwidi, lile gugu linalowatesa watu wa Marekani Kaskazini, chembe kama 3,500 hivi, na ukumbi wao unaingiza zaidi ya watu 100 kwa mpigo. Baadae vikaja vya Ujerumani, Japani, Marekani.

Ndani humo yaani hakuna maajabu, ni watu wamekaa kwenye viti kwa mistari kama wanasubiri basi, wamevaa maovaroli mepesi ya kukinga nguo zisibebe chavua nje, wanapenga kamasi masaa mawili, manne, wengine mpaka sita. Kila baada ya muda mfupi wanajipa maksi wenyewe: pua kutiririka, pua kuziba, kuwasha, chafya, kila kimoja kuanzia 0 mpaka 3, kwahiyo ukiwa hoi kabisa una 12. Na kwa sababu mtu anaweza kujipendelea, kuna vyumba ambavyo tishu zinapimwa kwanza zikiwa kavu, baada ya kupenga unaziweka kwenye mfuko na zinarudi kwenye mzani. Uzito wa kamasi, wadau. Hiyo kitu nilicheka lakini nikaielewa, mzani hauna haja ya kukufurahisha. Daktari anakuwepo hapohapo muda wote, na wenye pumu kali kwa kawaida hawachukuliwi.

Kingine kilichonivutia, kazi hii wanaifanya zaidi wakati nje hakuna chavua, majira ya baridi, ili ulichovuta kiwe kile cha chumbani tu. Na kabla hujaingizwa kwenye utafiti unapimwa ngozi kwanza, af unakalishwa chumbani bila dawa yoyote waone kama kweli unaumwa. Usipoumwa unarudi kwenu, hauna kazi pale.

Halafu ndo inakuja sehemu ambayo kwangu mi ndo yenyewe. Nusu ya watu wanapewa dawa na nusu wanapewa kidonge kisicho na kitu, na hakuna anayejua kapewa kipi, hata anayegawa. Na wale wa kidonge kitupu nao wengi wanasema wamepata nafuu! Kabisa kabisa. Pua ni kiungo kinachodanganyika. Kwahiyo swali haliwi umepona au hujapona, swali ni umewazidi kiasi gani wale waliomeza hewa, na umeanza kuwazidi saa ngapi. Kwa sababu chavua haipandi wala kushuka, wanaweza kusema dawa fulani ya jamii ya setirizini, vile vidonge vya kawaida vya aleji, imeanza kufanya kazi dakika ya ngapi, kitu ambacho nje huwezi kukipata hata ufanyeje. Na mtu huyohuyo anaweza kurudi baada ya wiki kadhaa akapewa kile kingine, akalinganishwa na yeye mwenyewe. Barakoa, mashine za kusafisha hewa, unga wa kupuliza puani, vyote vinaweza kupimwa humo.

Wala sio kitu kigeni kwetu kimawazo. Vyandarua vyetu vinapimwa kwenye vibanda maalum, mbu wanaingia mtu amelala ndani, asubuhi wanahesabiwa wazima na waliokufa. Na Bagamoyo vijana wa Kitanzania walijitolea kudungwa vimelea vya malaria kwa makusudi chini ya uangalizi, wakatibiwa, matokeo yakachapishwa 2014.

Ila sio kwamba chumba ndo kila kitu. Masaa manne kwenye kiti sio miezi mitatu ya kulala na kuamka na chavua, pua ikishachokozwa siku nyingi inakuwa kali kuliko mwanzo. Ndo maana mamlaka ya dawa ya Ulaya kwenye mwongozo wake wa 2008, kwa zile tiba za kuuzoesha mwili taratibu kile kinachouletea aleji, ilikubali vyumba visaidie kutafuta dozi lakini utafiti mkubwa wa mwisho ukafanyike nje kwenye msimu halisi. Naona wako sahihi. Dawa ikifeli chumbani sina hamu nayo, ikifaulu chumbani bado nataka kujua ya nje.

Na hata ikifaulu huko, nyasi walizozitumia sio za kwetu. Wao ni timothi na ndugu zake, sisi tuna ukoka, ni koo mbili tofauti na mwili unaosumbuliwa na moja sio lazima usumbuliwe na nyingine. Ragwidi ndo usiseme. Mahindi ambayo kila mtu huku anayalaumu chavua yake ni nene sana, inaangukia karibu, haiendi mbali kama ya nyasi. Af kuna vumbi la Agosti ambalo linakera pua ya yeyote yule, hata asiye na aleji, na mende nao jikoni. Mtu anakwambia nina aleji ya Dodoma, ipi sasa?

Mi chumba cha hivyo sikitegemei huku hivi karibuni, gharama zake sio za mchezo. Lakini kuna kifaa kidogo kinachofungwa juu ya paa, kinavuta hewa lita 10 kwa dakika na kunasisha chavua kwenye utepe wenye gundi, mtu anakaa na darubini anahesabu. Kama kuna mtu pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, anakifikiria hicho, kubeba ngazi mi nipo.