Shylock hana mtani

Juzi nimemaliza kusoma tena Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Shylock, Myahudi mkopesha fedha anayetaka kukata ratili ya nyama ya mfanyabiashara Antonio aliyeshindwa kumlipa deni, nakala yangu imechoka hadi kurasa zinachomoka zenyewe, na rafiki yangu mmoja anayefundisha fasihi akaniuliza kwa meseji, hivi ile ni tanzia au futuhi, yaani ya majonzi au ya kuchekesha? Nikamjibu fasta, bwana hakuna aliyekufa mle. Kwetu redio ikisema taarifa ya tanzia ujue kuna mtu kaondoka, na Venisi hakuna jeneza, kuna ndoa tatu. Akatuma vikatuni vya kucheka. Ila jibu langu mwenyewe halijanikaa.

Kivitabu ni futuhi, hilo halina ubishi, lile kusanyo kubwa la tamthilia za Shakespeare la 1623 liliiweka fungu la komedi. Na kucheka kupo kweli: Launcelot, mtumishi wa Shylock, anavyomzuga babake asiyeona, Portia, yule binti tajiri, anavyowasema wachumba wake mmoja mmoja (yule Mjerumani mlevi jamani!), halafu mwisho kule wanawake wanawazungusha waume zao kwa sababu ya pete.

Pete nyingine ndiyo inayonikaba. Binti ya Shylock, Jessica, katoroka na mchumba na mali za baba, Tubal, Myahudi mwenzake, anakuja kumletea mzee habari, mzee akisikia meli za Antonio zimezama anashangilia, akisikia ya binti analia, juu chini juu chini, ikichezwa vizuri watu hawana mbavu. Kisha anaambiwa Jessica katoa pete akapewa tumbili. Mzee anasema pete ile alipewa na Leah kabla hajaoa, asingeitoa hata kwa msitu mzima wa tumbili. Leah hatajwi tena popote. Hapo ndo kicheko kinakwama kooni.

Lakini kucheka kwenye uchungu sisi si wageni nako. Msiba wa babu yangu mzaa mama, Mzaramo, watani Wanyamwezi walikuja, mmoja kavaa kanzu ya marehemu anatembea na mkongojo kama yeye kabisa, mwingine kaingia kaburini kagoma kutoka mpaka alipwe, na bibi ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Msiba ukabaki msiba. Na kaburi lenyewe walilichimba hao hao watani.

Sasa mwangalie Gratiano, rafiki wa Antonio, pale mahakamani, anarudia maneno ya Shylock kwa kejeli, anamwombea kitanzi, unaweza kusema anamtania, kumbe anamzomea tu. Uingereza iliwafukuza Wayahudi 1290, kwa hiyo miaka 300 baadaye, tamthilia hii ilipochezwa, wengi pale London walikuwa wanamcheka mtu ambaye hawajawahi kuishi naye jirani, sembuse kumchimbia kaburi. (Jina la Mwalimu nalo linanoga, Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, yeye akaandika mabepari, wote, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Antonio na meli zake naye hakuachwa.)

Sisemi Shylock ni malaika, kisu alikinoa mbele ya watu. Ila akishashindwa analazimishwa kubadili dini na kuandika mali iende kwa Jessica na mume wake Lorenzo siku akifa, na anachosema ni kwamba hajisikii vizuri, hati wamletee atasaini. Anaondoka, hatumwoni tena. Sehemu ya tano yote ni mbalamwezi, muziki na utani wa pete, halafu Nerissa, mhudumu wa Portia, anatoa ile hati, anawakabidhi vijana, na Lorenzo anashukuru kama mwenye njaa aliyedondoshewa chakula toka mbinguni. Wanashangilia mirathi na mwenye mali bado anapumua.

Nimemwandikia tena yule rafiki yangu: tanzia ipo, imeshasainiwa, bado tarehe tu.