Dakika mbili za DJ kunyamaza

Filamu ya Get Out niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, banda la video la mtaani kwetu, Dar es Salaam, nimekaa benchi la nyuma, DJ kashika maiki anatafsiri papo hapo. Niliipenda sana. Ni filamu ya kutisha, lakini pia inawasema watu fulani waziwazi: Wazungu wanaojiona hawana ubaguzi, wanaomsifia Chris, kijana mweusi mpenzi wa binti yao, mpaka sifa zenyewe zinatia hofu. Baba wa binti huyo anajigamba kuwa angempigia Obama kura hata kwa muhula wa tatu, na kumbe nyumbani kwake wanawinda miili ya watu weusi.

Nilichokosa siku ile ni wimbo. Mwanzoni kijana mwingine mweusi anatekwa usiku barabarani, kisha majina ya wahusika yanapita huku miti ikikimbia kando ya njia. Hapo ndipo DJ wetu hukaribisha wageni, hutangaza soda na kueleza aliyetekwa ni nani. Sikujua kwamba chini ya sauti yake kulikuwa na watu wanaimba Kiswahili.

Aliyenishtua ni binamu yangu anayeishi Marekani. Alinipigia simu usiku: "Wewe si mwalimu wa kwaya? Hebu niambie, wale wa mwanzo wa Get Out wanaimba nini?" Sikuwa na jibu. Nilijisikia vibaya, maana lugha ni yangu na kuimba ndiyo kazi yangu.

Nikaitafuta albamu ya muziki wa filamu ile. Mtunzi ni Michael Abels, Mmarekani mweusi aliyekuwa akitunga muziki wa okestra, na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Mwongozaji, Jordan Peele, alimpata baada ya kusikia kazi yake YouTube. Alimwomba kitu kigumu: muziki wenye asili ya watu weusi lakini usio na tumaini, kwa sababu nyimbo zao, hata za majonzi, kwa kawaida huacha mwanga kidogo. Tena akamwambia aepuke ile milio ya kichawi ambayo filamu za kutisha hupenda kuwabandika Waafrika. Abels akaleta sauti za marehemu, watumwa na watu waliouawa kwa kunyongwa na makundi ya wabaguzi, zinazojaribu kumwonya Chris kabla hajafika kwenye nyumba ile. Zinamwonya kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga.

Jina lenyewe lilinishughulisha jioni nzima. Sisi tungesema "wasikilize wahenga". Hiyo "kwa" inakwaruza sikio kidogo, ingawa nilipozidi kuirudia nilianza kusikia "lisikie kutoka kwa wahenga", na nikaridhika. Neno "wahenga" ndilo lililonigusa zaidi. Mwingine angeandika "mizimu", na wimbo ungeangukia palepale Peele alipokataa. Wahenga ni wale wa "wahenga walisema", watu waliotuachia methali. Wahenga hawaji kutisha mtu, wanakuja kumpa akili.

Kihistoria, wengi wa waliouzwa utumwani Marekani walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, si pwani yetu. Lakini tangu miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi wamekichukua Kiswahili kama lugha ya kurudia Afrika. Kwanzaa, sikukuu yao iliyoanzishwa mwaka 1966, ina nguzo saba na zote zina majina ya Kiswahili. Kwa hiyo sikuona ajabu wahenga hao kusema lugha yangu. Niliona ni heshima, na heshima hiyo ilinidai niwaelewe.

Kuwaelewa sasa. "Sikiliza" niliipata mara moja. Yaliyobaki yalikuwa yananiponyoka, maana kuna minong'ono, sauti zinapandana, nyuzi zinakatiza katikati. Nikapunguza kasi kwenye simu, mambo yakaharibika zaidi: irabu zikavutika na konsonanti zikapotea kabisa.

Ndipo nikakumbuka ninachowafanyisha wanakwaya wangu. Wimbo mgumu huwa tunauimba kwanza kwa irabu tupu, maneno baadaye. Nikageuza kazi. Nikachukua daftari ninaloandikia sol-fa, nikasikiliza kwa sauti ya chini kabisa, nikawa naandika irabu tu. Mahali pamoja nikapata "u-u". Pengine "i-i-a". Hiyo "u-u", kwa jinsi inavyoitwa, ilikuwa "ndugu", sikuwa na shaka. Lakini "i-i-a" ilinitesa siku mbili. Nikaandika "sikia", maana ilikaa vizuri jirani na "sikiliza". Bado haikuniingia moyoni. Ukishamwambia mtu asikilize, unamwambia tena asikie?

Bibi alikuwa amekuja kutoka Korogwe kutibiwa macho. Amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, hajui filamu wala albamu. Nikaupiga wimbo kwenye spika badala ya kuubana masikioni. Ulipofika katikati akainua uso.

"Mjukuu wangu, nani huyo anayeambiwa akimbie?"

Nikarudisha nyuma. Kimbia. Ipo wazi kabisa, na baada ya hapo sikuweza tena kusikia kitu kingine. Ndugu, kimbia. Nikampigia binamu usiku uleule.

Lakini niliwafikiria wale wa kibandani. Jumamosi nikamfuata DJ mapema, kabla hajafunga spika zake.

"Kaka, leo ukiweka Get Out naomba unyamaze wakati majina yanapita."

"Mwalimu, nikinyamaza watadhani maiki imekufa."

Nikamvalisha earphone. Alisikiliza amesimama, waya mkononi. Akavua, akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu zamani. Nikamwambia na mimi nimejua juzi.

Usiku ule alitafsiri kama kawaida mpaka kijana alipoingizwa kwenye gari. Kisha akaweka maiki mezani. Miti ikaanza kupita. Mwanzoni watu waligeuka kumtazama, mmoja akapiga mluzi. Halafu minong'ono ikaingia, na nikaona vichwa vinarudi kwenye runinga kimoja kimoja. Mvulana wa benchi la mbele, wa darasa la sita hivi, akamshika mwenzake mkono.

"Wanasema kimbia," akasema. "Wanamwambia nani?"

DJ hakumjibu. Alisubiri mpaka Chris alipoonekana kwenye kioo cha bafuni, ananyoa ndevu, ndipo akachukua maiki.

"Huyu," akasema.