39.2
Jana nikitafuta betri kwenye droo nimekutana na kile kipimajoto. Nikakibonyeza. Vile vidude, kabla ya kujiweka sawa, huonyesha kwanza kipimo cha mwisho. 39.2. Nikaketi palepale sakafuni.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kemo ya tatu, zile dawa za saratani, seli nyeupe za damu, askari wa mwili, ziko chini kabisa. Kusafisha mrija wa Mama, ule wa kupitishia dawa uliotokeza kifuani, ilikuwa zamu yangu. Nesi alikuwa amenifundisha: nawa mikono, sugua mdomo wa mrija kwa spiriti huku ukihesabu mpaka 15, acha ukauke, ndipo usukume maji ya chumvi. Siku hiyo nilifika saba, simu ikaita. Sikupokea, nilitupa jicho tu kuona ni nani. Niliporudisha macho, nilihesabu nane au nilichomeka bomba la maji ya chumvi? Sijui. Nimeirudia sekunde hiyo mara nyingi hadi imechakaa.

Nusu saa haikupita. Nilichosikia kwanza ni glasi ya maji kando ya kitanda: ting, ting, ting, inagonga chupa ya dawa. Kitanda kizima kilikuwa kinatetemeka. Mama amejikunja, meno yanagongana, kucha zimegeuka rangi.

“Mwanangu, funga dirisha.”

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikamtupia blanketi, nikaongeza la pili. Nikapima: 37.4. Nikashusha pumzi, mjinga mimi. Nikafunua nione mrija unapoingilia. Ngozi safi, hakuna wekundu wala usaha. Nikapima tena baadaye kidogo, ndipo ikaja namba hiyo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mlangoni mwa hospitali nilisema “kemo, ana mrija, ana homa”, hatukupangishwa foleni. Wakatoa damu kwenye mrija na nyingine mkononi, na antibiotiki ikaanza kuingia kabla ya saa kwisha. Baadaye daktari akatueleza kuwa kule maabara bakteria walichipuka kwenye damu ya mrija zaidi ya saa mbili kabla ya ile ya mkono, kwa hiyo chanzo ni mrija. Ukang’olewa. Ni bakteria wa kawaida wa ngozini, akasema.

“Ngozi ya nani?” nikauliza.

Akanitazama. Akasema huenda walikuwa wamejijengea utando ndani ya mrija siku kadhaa, maji yangu yakawasukuma tu kwenye damu. Huenda. Nililichukua neno hilo, sikulirudisha.

Mama amepona. Jana jioni nikamwonyesha kipimajoto.

“Siku ile mlioniachia dirisha wazi,” akasema. “Upepo ule ungeniua.”

Sikubishana naye. Akanyoosha mkono, anataka kujipima. Nikamwambia betri imekwisha, nikakirudisha kwenye droo.