Masikio ndani ya maji

Karatasi yenyewe ni nusu ukurasa, imetolewa kopi mara nyingi hadi herufi za pembeni zimefifia. Mdogo wangu wa mwisho aliniwekea juu ya kitanda jana baada ya magharibi, akakaa kwenye kizingiti cha mlango kunisubiri.

"Mama amesema utie sahihi wewe."

"Kwa nini asitie mwenyewe?"

"Amesema wewe ndiye unayejua."

Ni karatasi ya ridhaa. Mafunzo ya kuogelea kwa wasichana, wakati wa likizo, siku na saa zitapangwa kufuata maji. Chini kuna mstari wa jina la mzazi au mlezi. Nikachukua kalamu, nikaiweka. Yeye akawa anachezea ncha ya mtandio wake, na bila ya kunitazama akauliza:

"Dada, maji yanaingia masikioni?"

Sikumjibu. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, mwaka 2014, nikiwa na miaka 15, nimesimama ndani ya bahari ya Mnarani, hapa kwetu Nungwi, maji yamenifika kifuani, nimelikumbatia dumu la lita 20 kwa mikono miwili.

Wakati ule nyumbani kwetu bahari ilikuwa haitajwi. Hata mwaka wa tatu ulikuwa haujatimia tangu izame ile meli ya Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na shangazi alikuwa ndani yake na mwanawe wa kunyonya. Alikuja Unguja kumtibu mtoto, akakaa kwetu siku nyingi, mtoto akapona, akawa anarejea Wete. Maiti zilizopatikana zilikuwa mia mbili na kidogo. Waliokufa na waliopotea, ilipokuja kuhesabiwa, walipindukia 1,500. Shangazi ni miongoni mwa waliopotea, yeye na mwanawe, na kwa hiyo hatuna kaburi la kwenda kusoma Yasini.

Baba alitoka na mashua alfajiri ile, yeye na wanaume wengi wa Nungwi. Hajapata kutuhadithia aliyoyaona. Neno moja tu lilimtoka, tena miaka baadaye, tukiwa tunakula: kwamba karibu kila waliyempandisha akiwa hai alikuwa ameshika kitu. Godoro, ubao, dumu. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Lazima niseme na hili, maana wageni hulishangaa. Kwetu mwanamke na bahari wanajuana kwa miguu tu. Bibi yangu amechokoa pweza miaka na miaka. Analijua bamvua na anayajua maji mafu bila ya kutazama kalenda, anajua siku ambayo maji yatapanda mita 4 na siku ambayo hayatafika hata kwenye ngalawa zilizoanikwa. Lakini maji yakimfika kiunoni, anageuka. Mama vilevile, alipokuwa akenda kutanda dagaa na wenzake. Watoto wa kiume walikuwa wakijirusha kutoka kwenye mashua tangu wana miaka mitano, na hakuna aliyewafundisha, walifunzwa na mchezo. Sisi mchezo huo hatukupewa. Tulikuwa pwani na makanga yetu, tunawatazama.

Walimu walikuwa wanawake wawili, wote wa kijijini, ambao nao walijifunza ukubwani. Walianza kwa sheha, wakenda kwa ustadhi wa chuo, ndipo wakaingia nyumba hadi nyumba. Wasichana peke yao, mwalimu mwanamke, vazi la kusitiri kuanzia kichwani hadi kwenye kifundo cha mguu. Kwetu walimkuta baba amekaa na ustadhi barazani. Ustadhi akakumbusha yale maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar, kwamba wafundisheni watoto wenu kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Baba akasema wavulana wa hapa wanajua wote kuogelea. Bibi, ambaye alikuwa ndani akisuka ukili, akajibu kupitia dirishani: "Kasema watoto. Hakusema wavulana."

Mama akatoka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinadondosha maji. Baba akatia sahihi.

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda haraka. Tulipuliza mapovu. Tulifungua macho ndani ya maji ya chumvi hadi yakawa mekundu. Tulipiga miguu tumeshika madumu, safu nzima ya wasichana na madumu ya manjano, na wavulana wakaja kutucheka hadi wakachoka wakaondoka. Nchi kavu tulifundishwa kuokoa: mfikie kwa mti, mtupie dumu, usimrukie, kwa sababu mtu anayezama hupanda juu ya chochote anachokipata, na akikupata wewe atakupanda wewe. Tulifundishwa mkondo, kwamba ukikuchukua usishindane nao uso kwa uso, kata ubavuni mpaka ukuachie. Mwenzetu mmoja aliyekuwa hodari kuliko sote aliacha kuja wiki ya pili. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka mjini akakataa. Vazi lake lilibaki limetundikwa kwenye kamba hadi siku ya mwisho, na mwalimu hakuruhusu mwengine alivae.

Wiki ya tatu, asubuhi moja maji yamejaa na upepo umelala, mwalimu akasema: "Leo dumu linabaki pwani."

Tuliingia mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilikwenda hadi kifuani, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Mwalimu akasimama ubavuni kwangu. Akaweka kiganja kimoja chini ya kisogo changu na kimoja katikati ya mgongo, akaniambia nilale kama ninavyolala kitandani. Ndipo nilipomuuliza kama maji yataingia masikioni.

"Yataingia. Yaache yaingie."

Nikalala. Shingo ilikuwa ngumu kama mchi. Nilitaka kichwa kibaki juu, nimwone yeye, niuone ufuo, nione miguu yangu iko wapi, na kadiri nilivyokiinua kichwa ndivyo kiuno kilivyozama. Nikameza maji. Nikasimama, nikakohoa, pua ikawaka moto. Hakuniambia pole. Alingoja nimalize, akarudisha viganja vyake palepale.

"Bahari haikutaki chini," akasema. "Wewe ndiye unayejipeleka. Vuta pumzi ujaze kifua, legeza shingo, tazama juu."

Mara ya pili nikavuta pumzi. Nikalegeza shingo kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha mzigo asiouamini ulipo. Maji yakapanda mashavuni, yakafika kwenye ndewe za masikio. Halafu yakaingia. Ulimwengu wote ukazimika. Wasichana waliokuwa wakipiga kelele ufukoni, nyundo za mafundi wa mashua, kunguru, vyote vikakatika. Badala yake nikasikia bahari kwa ndani. Sijui mtu ambaye hajaisikia nimwelezeje. Ni mlio mdogo mdogo usiokoma, kama chumvi ya mawe inapotupwa kwenye mafuta ya moto, unatoka kwenye miamba huko mbali, na juu yake unasikia pumzi yako mwenyewe inaingia na kutoka, kubwa, kama ya mtu mwengine aliyelala pembeni yako.

Juu kulikuwa na wingu moja tu na ncha ya mlingoti.

Na hapo, katika ukimya ule, nikamfikiria shangazi. Sikupanga. Nilijiuliza kama na yeye aliusikia mlio huu. Kama alipata nafasi ya kuusikia, au kwake ilikuwa ni kelele za watu na giza tu mpaka mwisho. Nikaona mikono yake, ile mikono ya hina aliyopakwa nyumbani kwetu siku mbili kabla ya safari, imemshika mtoto. Haikuwa na nafasi ya kushika kitu chengine.

Miguu ikaanza kushuka. Nilihisi maji yanapanda kidevuni, na kila kiungo changu kikataka kupiga, kurusha, kushika. Nikaona midomo ya mwalimu inacheza, nisisikie neno. Nikavuta pumzi. Nikaijaza mpaka mbavu zikauma, na nikaisikia miguu inarudi juu yenyewe, taratibu, bila ya mimi kuiamrisha. Machozi yalikuwa yananitoka kwenda ndani ya masikio, vuguvugu, na maji ya bahari yalikuwa ya baridi zaidi. Hivyo ndivyo nilivyotambua kwamba ninalia.

Kisha nikamwona mwalimu ameinua viganja vyake vyote viwili hewani, anavionyesha. Sikujua vilikuwa vimeondoka tangu lini.

Alinihesabia mpaka sitini.

Mengine yalifuata upesi. Kuogelea kwa mgongo, kisha kwa tumbo, kisha kutoka kwenye ngalawa hadi nchi kavu. Siku moja tukiwa tunakamua nguo nilimuuliza mwalimu jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda wote: je, kama shangazi angejua haya? Alikuwa anaweza kunidanganya. Alinyamaza, akakunja vazi mara mbili, akasema, "Sijui, mwanangu. Usiku, na ule mkondo, na mtoto mkononi. Sijui." Nilimpenda zaidi kwa jibu lile, na bado linaniuma.

Siku ya mwisho mama alikuja. Hakuna aliyemwita. Nilimwona nikiwa mbali, nimelala chali, amesimama pale maji yanapoishia, buibui limelowa hadi magotini, kwa hiyo alikuwa ameingia zaidi ya alivyokusudia. Sikujua kama nimpungie mkono. Niliporudi ufukoni alikuwa ameshaondoka. Nyumbani hatukulizungumza, ila usiku ule alinisuka nywele zangu zilizokauka kwa chumvi, polepole, akizitia mafuta ya nazi, ingawa nilikuwa nimeshazoea kujisuka mwenyewe.

Walioleta mafunzo walisema yatatufundisha stadi za maisha na kujiamini. Wakati ule kwangu yalikuwa maneno ya kwenye karatasi. Ninachokijua ni kwamba kabla ya likizo ile nilikuwa siinui mkono darasani hata kama jibu ninalo, na baadaye nikaanza. Mwalimu wa skuli alipoita mtu wa kusimama mbele kusoma, shingo yangu ilikuwa inakaza vilevile, na mimi nikailegeza vilevile, nikavuta pumzi. Nilipokuja kukataa mchumba niliyechaguliwa nikiwa kidato cha nne, nilikataa kwa sauti ya kawaida, na mama alinitazama kama alivyonitazama siku ile ufukoni. Labda ni maji. Labda ni umri, wasichana wengi hukua wakaanza kusema. Yule mwenzetu aliyekatazwa na kaka yake alikuwa jasiri kuliko mimi kabla hatujaanza, na leo nikimpita sokoni ananiitikia kwa sauti ndogo sana. Nami siwezi kusema ni kwa sababu ya likizo moja.

Ninalolijua kwa yakini ni kwa nini mama hakutia sahihi mwenyewe. Mdogo wangu huyu alizaliwa mwaka mmoja na mtoto wa shangazi. Shangazi alipokuwa kwetu, watoto hao wawili walilazwa mkeka mmoja, na siku ambazo shangazi alikuwa amechoka na safari za hospitali, mama aliwanyonyesha wote wawili. Mmoja sasa ana miaka 15, umri wangu wa siku ile ya dumu, na amekaa kizingitini kwangu na mtandio wake. Mwenzake mama hamtaji, lakini kila anapompimia huyu nguo mpya ya Idi, nimemwona akilishika gauni mbele yake muda mrefu kupita kipimo kinavyohitaji.

Basi "wewe ndiye unayejua" ina uzito wake. Najua atakachokisikia huko chini. Najua kwamba katika ukimya ule hakuna wa kumshika mkono, na kwamba atakayekutana naye huko ni ndugu wa ziwa moja ambaye hamkumbuki. Na najua mbavu zinavyoinua miguu.

Leo amerudi tena, kasimama palepale mlangoni. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikaandika jina langu kwenye mstari wa mlezi, nikampa.

"Hukunijibu," akasema.

"Yanaingia," nikamwambia. "Yaache yaingie."

Jikoni mbuzi ikasita. Tukangoja wote wawili, yeye na karatasi yake mkononi, mpaka ikaanza tena.